Umeme ukikatika, mashine ya CNC husahau ilipo

WILAYA ya Hai, yenye kiwanda cha mashine cha KMTC, si ngeni kwa ufundi wa vipimo. Hata hivyo, seremala wa Bomang'ombe anayechonga kwa mashine ndogo ya CNC ya mezani hana budi kuelewa jambo moja: umeme ukikatika, mipaka aliyoiandika kwenye programu hubaki, lakini mashine husahau kisu kilipo.

Kabla ya kuendelea, aiamuru irudi mwanzo. Kisu hupanda, kisha kichwa husogea polepole hadi kiguse swichi za pembeni. Hapo ndipo sifuri. Mipaka huhesabiwa kutoka hapo, kwa urefu wa mwendo alioupima mwenyewe kwa rula, si ule ulioandikwa na muuzaji. Akiiruka hatua hiyo, mashine itafuata mipaka ya uongo na kisu kinaweza kugonga fremu.