Mti wa Mkoko na Miji Miwili: Kilwa Kisiwani na Lamu

Msafiri atokaye bara, akishuka pwani na kuona kwa mara ya kwanza kuta za mawe zilizozeekea katika upepo wa bahari, aghalabu huziita zote magofu, na jina hilo humtosha. Lakini watu wa pwani tangu dahari wana maneno mawili, wala hawayachanganyi, kwani mji ni pale moto ungali ukiwashwa jikoni na watoto wangali wakipelekwa chuoni, na mahame ni pale ambapo wenyewe wamehama. Lamu ni mji, nao umekaliwa bila ya kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Kilwa Kisiwani, ingawa kijiji cha wavuvi kingali hai kando ya kuta zake, ni mahame. UNESCO imeziandika zote mbili katika orodha ya Urithi wa Dunia, Kilwa pamoja na jirani yake Songo Mnara mwaka 1981, na Lamu mwaka 2001. Na mtu atakaye kuzilinganisha namshauri asianze na masultani wala vita, bali aanze na urefu wa mti.

Asili ya majengo ya huku na ya kule ni moja. Jiwe ni tumbawe: lile gumu lichimbwalo nchi kavu kwa ajili ya kuta, na lile laini likatwalo baharini, likachongwa lingali bichi kwa ajili ya mihrabu na miimo ya milango. Chokaa nayo hutoka katika tumbawe lilo hilo, kwa kuwa kuni hupangwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, yakachomwa hata yakawa meupe na mepesi, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yapoe muda mrefu. Misikiti yote huelekea kaskazini, maana ndiko Makka iliko kwa mtu asimamaye katika pwani hii. Na paa hubebwa na boriti za mikoko, ambazo chini ya uzito wa mawe na chokaa haziwezi kuvuka nafasi ipitayo mita 3 hivi. Basi fundi, awe amejengea sultani au tajiri wa majahazi, alilazimika kufanya chumba chembamba na kirefu. Ukiingia leo chumba cha nyumba ya kale ya Lamu, kisha siku nyingine ukasimama katika chumba kisicho na paa cha Songo Mnara, hatua tatu au nne zitakutoa ukuta huu na kukufikisha ule, katika vyote viwili.

Kilwa ilikuwa na nguvu ya kujitoa katika kifungo hicho. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ilianza kujengwa katika karne ya 11, uliongezwa upande wa kusini katika karne ya 14 kwa kuba na matao yasiyohitaji boriti hata moja, na ukisimama chini yake waona jinsi nafasi inavyofunguka kila upande. Kazi hiyo ilitaka ustadi, na ilitaka pia dhahabu, na Kilwa ndiyo iliyoshika biashara ya dhahabu ya bandari ya Sofala. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 na kusimulia kuwa watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake, ndiye anayenasibishwa na Husuni Kubwa, kasri ya vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali la bahari, yenye birika la pembe nane. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji na kuupora. Na hata ulipoinuka tena katika karne ya 18, haukurudia adhama yake.

Lamu haikushindana na boriti. Iliufanya wembamba wa chumba kuwa adabu. Mgeni hupokewa katika daka, ukumbi wa mlangoni, penye mabaraza ya mawe pande mbili, asione ndani, kwa kuwa tekani, njia ya kuingilia, imepinda; kisha kiwanda, ua usio na paa, ambako jua huingia; kisha msana baada ya msana, vyumba virefu vilivyopangwa sambamba, kila kimoja kikiwa na haya zaidi ya kilichotangulia, hata ufike ndani, chumba cha mwisho, penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Zidaka hizo, safu juu ya safu, zimechongwa katika lipu ya chokaa kwa mkono mtulivu mno, nazo ziliwekwa sahani na bakuli za China, ambazo katika giza lile jepesi zilitoa mwanga wake zenyewe. Mimi sijaona katika pwani yote chumba kinachosema zaidi juu ya heshima ya nyumba.

Hapa sharti nitahadharishe. Katika miji hii wengi hawakukaa katika mawe. Walikaa katika nyumba za udongo na makuti, nazo hazikuacha kuta za kupigwa picha, basi tulinganishapo majengo ya mawe tu tunalinganisha waungwana kwa waungwana, na mvuvi na mtumwa na mpishi tunawaacha nje ya mlango. Gedi, karibu na Malindi, iliyoingizwa katika orodha hiyo ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ina ukuta wa ndani uliozingira msikiti mkuu na nyumba za mawe, na mwenye kuutembelea aitazame pia ile ardhi tupu iliyo nje yake.

Tofauti ya mji na mahame ndiyo inayoamua namna ya kutunza. Katika Lamu boriti ikiliwa na mchwa, mwenye nyumba huita fundi, ikatolewa, ikatiwa nyingine. Hatari iliyopo ni pale gharama zimshindapo, akauza, au akapiga saruji mahali pa chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya tumbawe, na ukuta uliokuwa ukipumua ukaharibika ungali umesimama. Katika Kilwa hakuna mwenye nyumba wa kumwita fundi. Mvua iliingia mahali paa lilipokuwa, mizizi ikapasua, mawimbi yakala ufuo wa ngome iitwayo Gereza, hata mwaka 2004 UNESCO ikaitia Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, isiitoe humo mpaka mwaka 2014. Miongoni mwa kazi zilizofanyika ni kupanda miche ya mikoko ufuoni, ili mizizi yake ishike mchanga. Na ule mti uliobeba mapaa ya Kilwa, sasa umewekwa majini kuzikinga kuta zilizosalia.