Nondo mvamizi: Vita vya mahindi havimalizwi mpakani

Mapema mwaka 2016 wakulima wa Nigeria na nchi jirani walianza kuona ndani ya mahindi yao kiwavi wasiyemfahamu. Miaka miwili baadaye, zaidi ya nchi 40 za Afrika zilikuwa zimethibitisha kuwa naye, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda.

Huyo ni kiwavijeshi vamizi, mtoto wa nondo anayeruka usiku, ambaye asili yake ni bara la Amerika. Safari yake haikuishia Afrika. Mwaka 2018 aliripotiwa Yemen na India, mwaka 2019 China, na mwaka 2020 Australia.

Anasafiri vipi?

Nondo huyu anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja, na upepo ukimsaidia hufika mbali zaidi. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000. Palipo na joto, yai huwa nondo kamili kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Huko Marekani, baridi kali humuua kila mwaka katika majimbo ya kaskazini, hivyo hulazimika kurudi upya kutoka kusini. Sehemu kubwa ya Afrika haina baridi ya namna hiyo. Akishafika, hukaa mwaka mzima.

Hapo ndipo anapotofautiana na viwavijeshi wa zamani, ambao huja kwa makundi msimu wa mvua, hula na kutoweka. Huyu mpya hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba karibu na mkia.

Hasara na dawa

Mwaka 2017 shirika la CABI lilikadiria kuwa nchi 12 za Afrika zingeweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 za mahindi kwa mwaka iwapo hatua zisingechukuliwa. Kwa familia ambayo ugali wake unatoka shambani kwake, hasara ya aina hiyo ni njaa.

Wakulima wengi hukimbilia dawa. Lakini kiwavi akishakua hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, na kinyesi chake huziba njia, hivyo dawa haimfikii. Dawa hiyo hiyo huua nyigu wadogo wanaoshambulia mayai yake.

Wataalamu wanashauri mkulima akague shamba mara kwa mara tangu mahindi yakiwa machanga na ayaponde mayai anapoyaona.

Kuna pia kilimo cha sukuma-vuta kilichobuniwa na watafiti wa kituo cha ICIPE, Nairobi, na wenzao. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi kumfukuza nondo, na majani ya brakiaria huzunguka shamba kumvutia nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kuwa idadi ya viwavi kwa kila mhindi ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa ndugu walio ughaibuni wanaotumiwa ujumbe wa kuomba fedha za dawa, swali la kwanza liwe: viwavi ni wadogo au wamekwisha kuingia ndani ya moyo wa mhindi? Wakiwa wamekwisha kuingia, fedha hizo huenda zikapotea bure. Afadhali zisaidie kununua mbegu za desmodiamu kwa msimu ujao, kwani msimu huo nondo atakuwepo tena.