Imbwa wako anaweza kujifunza: michezo mitano ya kumufundisha bila fimbo



Tembea asubuhi moja katika cité, iwe Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Lubumbashi. Kwenye milango mingi utasoma maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: "Chien méchant". Nyuma ya mulango iko imbwa mumoja, amefungwa na munyororo tangu jua lilipotoka. Watoto wanaopita wanamutupia majiwe. Jioni mama wa nyumba anamusukumia sahani ya bukari kwa mbali, na ufagio. Hakuna mutu anayemugusa.

Kiisha siku inafika ambapo munganga wa nyama anapita na sindano za chanjo. "Mushikeni imbwa," anasema. Baba anatazama mama. Mama anatazama kijana mukubwa. "Miye siwezi, ile imbwa itanikula!" Basi munganga anafunga sanduku lake, anaenda lupango ingine. Imbwa amebaki bila chanjo, na watoto wa nyumba wamebaki katika hatari.

Kwa sababu hiyo tunataka kuzungumuza nawe, kijana, pamoja na wazazi wako, juu ya jambo linaloonekana kuwa la kuchekesha tu: kufundisha imbwa kukaa, kulala, kutoa mukono, kuzunguka. Ndiyo, mutacheka. Watoto wa jirani watakuja kutazama. Lakini ndani ya muchezo ule iko kitu kikubwa: imbwa anajifunza kuamini mukono wa mutu.

"Imbwa ni ya kulinda, si ya kuchezea"

Wazazi wengi watasema vile. Wanaogopa kwamba imbwa anayecheza atakuwa rafiki wa wezi. Tuwaheshimu, maana wizi uko kweli. Lakini fikiri kidogo. Imbwa anabweka usiku kwa sababu amesikia miguu asiyoijua. Hahitaji kuchukia watu wa nyumba ili asikie vizuri. Imbwa anayepigwa na kila mutu hajui tena kutenganisha mwizi na mutoto anayefuata mupira wake chini ya munyororo. Wote wawili atawauma sawasawa.

Na wazee wetu, je? Katika pori la Congo wawindaji walikuwa na imbwa wadogo wasiobweka. Walimufunga kengele ya muti shingoni ili wasikie fasi aliyopo, naye alifukuza nyama mupaka ndani ya nyavu. Mwaka 1937 imbwa wa namna hiyo walipelekwa Uingereza, na leo wanajulikana katika dunia yote kwa jina la Basenji. Jina hilo halihitaji tafsiri kwetu: ni lile neno "bashenzi". Lakini imbwa huyo hakuwa mushenzi hata kidogo. Alifundishwa, alijua kazi yake, na alijua watu wake.

Kwa nini fimbo haifundishi

Mwaka 1898 mwalimu mumoja wa Marekani, Edward Thorndike, alifungia paka katika masanduku. Ili kutoka na kupata chakula, paka alipaswa kuvuta kamba ao kukanyaga kibao. Kwanza alihangaika ovyo. Siku zilizofuata alifanya haraka zaidi. Hapo mwalimu aliona jambo moja: nyama hurudilia kile kilichomuletea mema, na huacha kile ambacho hakikumuletea kitu.

Sasa tazama namna sisi tunavyofanya. Imbwa ametoroka tangu asubuhi. Unamuita kwa sauti kali. Anakuja polepole, mukia kati ya miguu. Anapofika tu, unamupiga fimbo tatu. Wewe unafikiri umemufundisha asitoroke. Hapana! Kitu cha mwisho alichofanya ni kuja kwako. Basi amejifunza hivi: "Nikiitwa nikaenda, ninapigwa." Kesho utamuita mupaka sauti ikauke.

Imbwa hashiki maneno ya jana. Zawadi inapaswa kumufikia palepale, mara tu anapofanya vizuri. Ukikawia, atafikiri umemulipa kwa kujikuna ao kwa kutazama kuku.

Mbele ya kuanza

Tayarisha vitu vichache:

Chakula kidogo. Kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi: mukate, nyama iliyochemushwa, kidonge cha bukari. Haihitaji feza nyingi. Toa vile vipande katika chakula chake cha siku, usiongeze. Usimupe kitunguu, chokola, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana inavunjika kama sindano na inaweza kutoboa matumbo.

Neno moja. Baba anasema "assis", mama anasema "kaa", nkambo anasema "ikala". Sisi tunasikia luga tatu. Imbwa anasikia fujo. Mukubaliane neno moja kwa kila muchezo, na watu wote wa nyumba walitumie.

Neno la kusifu. Chagua neno fupi, kwa mufano "Ndiyo!" Ulitamke wakati uleule anapofanya vizuri, kiisha umupe kipande. Kwa siku chache ataelewa kwamba neno hilo linatangulia chakula. Mutu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata tuzo la Nobel mwaka 1904 juu ya kazi yake ya kuchunguza namna tumbo linavyosaga chakula, alionyesha vilevile kwamba imbwa anatoa mate hata kwa mulio tu, kama mulio ule umezoea kuja mbele ya chakula.

Wakati mufupi. Dakika tatu ao tano zinatosha, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Katika mwezi wa kumi, mbele ya mvua, jua la mchana ni kali. Umuache imbwa apumuzike kwenye kivuli. Maji yawe karibu.

Michezo mitano

1. Kaa. Shika kipande mbele ya pua yake. Kipandishe polepole juu ya kichwa, kuelekea nyuma. Kichwa kinafuata juu, matako yanashuka chini yenyewe. Yakigusa udongo tu: "Ndiyo!" na kipande. Usimusukume kwa mukono. Kiisha kufanya mara nyingi, anza kusema "kaa" mbele ya kusongesha mukono.

2. Lala. Akiwa amekaa, teremusha kipande kutoka pua mupaka udongo, kati ya miguu yake ya mbele. Ukivute kidogo kuelekea kwako. Kama anasimama, usimugombeze. Ficha kipande na uanze tena. Kama ameshuka nusu tu, umulipe ile nusu. Kesho umulipe anaposhuka zaidi. Kila kitu kikubwa kinafundishwa kwa vipande vidogo.

3. Zunguka. Akisimama, ongoza pua yake na kipande kwa kufanya duara moja. Muchezo huu ni mwepesi na watoto wadogo wanaupenda sana. Kiisha siku chache, mukono mutupu utatosha, halafu kidole tu.

4. Tafuta. Chukua kopo tatu za nyanya zilizosafishwa, zisizo na makali. Weka kipande chini ya moja, imbwa akiona. Akigusa kopo la kweli na pua, "Ndiyo!" na umufunulie. Akizoea, fanya bila yeye kuona. Hapa atatumia pua, na pua ya imbwa inapita yetu mbali kabisa. Katika hifadhi ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2011 kulianzishwa kikosi cha imbwa wa kunusa ili wasaidie walinzi kufuata nyayo za watu wanaoua nyama kwa wizi. Na Morogoro, katika inchi ya Tanzania, shirika APOPO linafundisha hata panya wakubwa kunusa mabomu yaliyozikwa: panya anasikia mulio mudogo, kiisha anapewa chakula kama ndizi. Mumoja wao, jina lake Magawa, alifanya kazi Kamboja na alipewa medali ya zahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020. Kama panya amefika pale bila fimbo, imbwa wako atashindwaje kopo tatu?

5. Leta mukono. Huu tumeuacha mwisho kwa sababu njo mukubwa kuliko yote. Imbwa akae. Ficha kipande ndani ya ngumi yako, na uweke ngumi chini, karibu na miguu yake. Atanusa, atalamba. Vumilia, usiseme kitu. Kiisha kidogo atachoka kulamba, atakwaruza ngumi na muguu. "Ndiyo!" Fungua ngumi. Rudilia mupaka ainue muguu bila kunusa kwanza. Halafu, pahali pa ngumi, umutolee kiganja wazi, na umulipe kwa mukono mwingine. Kiisha siku chache, ukinyosha kiganja na kusema "leta mukono", ataleta. Siku hiyo nyumba yote itapiga makofi.

Kutoka mukono mupaka sindano

Usiishie pale, kijana. Sasa ameleta mukono. Ushike kidogo, hesabu moja, na umulipe. Kesho hesabu mbili. Kesho kutwa tatu. Gusa makucha. Siku ingine gusa masikio, inua mudomo utazame meno. Shika polepole ngozi iliyo nyuma ya shingo, mahali ambapo mara nyingi sindano inapigwa. Kila mara umulipe. Akivuta muguu wake, umuachilie, na urudi nyuma hatua moja. Usimulazimishe.

Unaona tunakwenda wapi? Munganga wa nyama atakaporudi, hatatafuta watu wanne na kamba. Utaita imbwa wako, utasema "kaa", utamushika shingo kama kila siku, na sindano itapita wakati anatafuna mukate.

Na sindano ile si jambo dogo. Ugonjwa wa wazimu wa imbwa, ule watu wanaita raje, ukianza kuonyesha dalili katika mutu, karibu siku zote anakufa. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linasema kwamba hadi 99 kwa 100 ya watu wanaopata ugonjwa huu wanautoa kwa imbwa, na kwamba kati ya watu wanaoumwa na nyama wanaozaniwa kuwa na raje, 40 kwa 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni wale wanaocheza pa lupango. Imbwa anachanjwa akifikia miezi mitatu, na chanjo inarudiliwa kama munganga anavyosema.

Kama imbwa yeyote amekuuma ao amekukwaruza, usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Kiisha nenda hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Usingojee uone kama imbwa atakufa. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipochanja mutoto wa miaka tisa aliyeumwa na imbwa, na mutoto akapona, dunia inajua kwamba kuna njia ya kuokoka. Lakini njia hiyo ni mbele ya dalili. Nyuma yake karibu haiko.

Angalisho kwa vijana

Usianze na imbwa wa jirani, wala imbwa wa barabarani. Usimuguse imbwa anayekula, anayelala, ao aliye na watoto wake. Kama imbwa wenu amekwisha kuuma watu, ao ananguruma mukisogea, si kazi ya mutoto. Mutu mukubwa atupe kipande kwa mbali kila siku, bila kumutazama machoni, mupaka imbwa aanze kufurahi anapomuona. Inaweza kuomba wiki nyingi. Na imbwa mudogo asirukishwe juu sana wala kusimamishwa miguu miwili, maana mifupa yake haijakomaa.

Utakutana na siku ambapo imbwa hataki kitu. Siku ingine ni wewe uliyerudi kutoka masomo na hasira. Siku hizo acha, mukae tu pamoja. Yule aliyeshinda kungoja muguu uinuke bila kupiga, amejifunza kitu kitakachomusaidia siku atakapofundisha mudogo wake kusoma.

Na kama siku moja utaona mutoto wa miaka saba amenyosha kiganja, na yule imbwa wa "Chien méchant" ameweka muguu wake ndani, basi chukua rangi, mufute maneno yale ya mulangoni pamoja. Mwizi hatajua. Imbwa ataendelea kubweka usiku.

Maswali ya kuzungumuza katika jamaa

1. Katika lupango letu, nani anaweza kushika imbwa bila woga? Kama hakuna, ni kwa nini?
2. Imbwa wetu alichanjwa lini? Karatasi ya chanjo iko wapi?
3. Ni neno gani tutatumia sisi wote kwa kumuambia akae?
4. Kama mutoto wetu ameumwa leo, anajua kwamba anaweza kutuambia bila kupigwa?