Maumivu ya kiuno: si kila diski hutaka kisu

Je, msomaji, umewahi kuinama kuokota ndoo ya maji ukashindwa kuinuka? Mgonjwa wangu mmoja, hamali wa mkokoteni huku Mji wa Kale, alipatwa na hayo akishusha magunia Marikiti. Alilala chali juu ya mkeka nyumbani kwao Kibokoni wiki tatu nzima. Alipoletwa kwangu, miguu ilikuwa imeanza kukonda, na alikuwa ameambiwa na jirani kwamba pasipo operesheni hatatembea tena.

Kiuno kina pingili 5 za uti wa mgongo. Baina ya pingili na pingili pana kisahani laini kiitwacho diski, kinachopokea uzito wa mwili. Diski ikipasuka ukingoni, ute wake hutoka na kuusumbua mshipa wa fahamu, na hapo maumivu hushuka kutoka takoni hadi unyayoni. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba mwili wenyewe huweza kuufyonza ute huo. Wagonjwa wengi hupata nafuu katika muda wa wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Wala usitishwe na picha ya MRI. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu yao wakakutwa na diski iliyovimba!

Sasa ufanye nini? Kwanza, usilale. Utafiti wa mwaka 1986 ulionyesha kuwa walioshauriwa kulala siku 2 walipona sawa na wale wa siku 7, tena wakarudi kazini mapema. Tembea polepole, hata kama ni kutoka Fort Jesus hadi Marikiti na kurudi. Maumivu yakipungua, lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu hadi 5, kisha shusha. Rudia mara 10, asubuhi na jioni. Ukiona maumivu ya mguu yanazidi, acha, umwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Kukandwa kwa mafuta ya simsim, kama wafanyavyo mama zetu, hakuna ubaya, ila asikukanyage mtu mgongoni. Dawa kama Brufen zinywe baada ya chakula na kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha amwulize daktari kwanza. Ama ile mikanda ya kiuno inayouzwa madukani, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 isitumiwe kutibu maumivu ya muda mrefu. Hamali wangu alikuwa amenunua miwili.

Yeye alirudi kazini mwezi wa tatu, akianza na mizigo midogo.

Lakini maumivu yakiandamana na homa za usiku na kukonda, huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibiwa kwa dawa, tena bure katika hospitali za serikali. Na ukipata ganzi baina ya mapaja, ukashindwa kukojoa au kuzuia choo, au miguu ikalegea, usingoje kukandwa wala kuumikwa. Nenda hospitali kuu ya Makadara usiku huo huo, kwani hao ndio wachache ambao kisu huwaokoa, na kila saa ina hesabu yake.