Lubumbashi: Seva pepe kwa pesa kidogo, hesabu inaanzia kwenye umeme

Mjini Lubumbashi, kata ya Karavia ikiwemo, umeme wa SNEL hukatika mara kwa mara. Kwa anayetafuta kompyuta moja ya bei nafuu ya kuendesha seva pepe kadhaa, hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Seva kuukuu ya kampuni inaweza kuuzwa rahisi. Lakini ikila wati 150, betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa hadi nusu, huishikilia saa 4 tu. Kompyuta ndogo ya ofisi inayokula wati 20 hufikia karibu saa 30, ukiacha kinachopotea kwenye invata.

Prosesa iwe na VT-x ya Intel au AMD-V, na iwashwe kwenye BIOS. Pesa inayobaki iende kwanza kwenye RAM, maana kila seva pepe huchukua fungu lake: GB 16 ni mwanzo mzuri. Kisha diski ya SSD. Proxmox, programu ya bure kutoka Austria, huendesha yote.

Diski ya pili ya kuhifadhia nakala isisahaulike: umeme ukikatika ghafla, seva zote huzimika pamoja.