Simu itukumbushe ibada kwa jua la Ngenge

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, mengi tuliyokuwa tukiyaweka katika daftari tumeikabidhi simu: vikao, madeni, siku ya kuchuma kahawa, hata sala. Hatuoni ubaya. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa sala imefaradhishwa kwa nyakati maalumu. Ila chombo cha kukumbusha hutii kile kilichoambiwa, na hapo ndipo penye hatari.

Tuitazame Ngenge, wilayani Muleba. Simu iliyopangiwa nyakati za Dar es Salaam haiadhini kwa jua la Kagera. Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 39 Mashariki, Muleba karibu na nyuzi 31 na nusu, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Hivyo jua la huku huchelewa kuzama kwa takriban nusu saa, ingawa saa za ukutani ni zile zile nchi nzima. Anayefuturu kwa adhana hiyo (au ya redio kutoka Dar es Salaam, tatizo lililoitangulia simu) anakula mchana, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi inampasa kuilipa saumu hiyo. Sala yake ya Magharibi nayo haisihi, kwani wakati haujaingia. Basi na achague Muleba au Bukoba ndani ya programu yake, kisha ailinganishe na jua lenyewe.

Zaka ina mtego wake. Mwaka wake ni wa mwezi mwandamo, siku 354 au 355, ilhali kalenda ya kawaida ya simu huhesabu 365. Aliyejiwekea ukumbusho kila tarehe 1 Januari huchelewa takriban siku 11 kila mwaka, na katika miaka 33 hivi, haki ya maskini ya mwaka mzima huwa imetoweka hesabuni. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (RA) aliletewa hati ya deni la kulipwa Shaabani, akauliza ni Shaabani ipi, iliyopita au ijayo. Ndipo ikawekwa kalenda ya Hijria. Mwenye fedha zilizofikia nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, aiandike siku hiyo kwa tarehe ya Hijria, katika simu na katika daftari pia, kwani simu huibwa, na warithi hawaijui namba yake ya siri.