Je, Wajua? Dawa ya Kutu Ipo Kwenye Chakula cha Ng'ombe

Je, wajua kwamba kutu ni nzito kuliko chuma kilichoizaa? Chukua kilo 1 ya chuma safi, iache yote igeuke kutu kavu, kisha uipime: kilo 1.43! Zile gramu 430 za ziada zimetoka hewani, ni oksijeni tupu. Ile Peugeot ya babu iliyolala chini ya mwembe kule kijijini Lunyo inakula hewa usiku na mchana.

Na inavimba pia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kuanzia mara 2 hadi mara 6! Ndiyo sababu rangi huinuka malengelenge, na mabati mawili yaliyochomelewa pamoja huachana bila mtu kuyagusa. Ukiona lengelenge dogo nje, jua ndani shughuli ilianza zamani.

Unajua mji gani umewahi kuongoza duniani kwa siku za ngurumo? Tororo, Uganda! Kati ya 1967 na 1976 ilihesabiwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka. Gari lisilo na paa juu yake hapo lina kazi kweli.

Sasa sogea, maana hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Je, wajua kwamba molasi huondoa kutu? Ndiyo, molasi ile ile nyeusi ya viwanda vya sukari vya ukanda wa Mumias na Busia, ile wanayolishwa ng'ombe! Changanya sehemu 1 ya molasi na sehemu 9 za maji ndani ya pipa, zamisha madigadi iliyooza, kisha uende zako wiki 2. Ukirudi utaitoa, utaisuuza, na mbele yako kuna bati la kijivu, safi, hata vialama vya kiwandani vinaonekana. Viambato vyake hushika chembe za kutu moja moja na kuzing'oa, na chuma kizima kinabaki karibu kama kilivyokuwa. Huhitaji umeme, huhitaji kusugua, huhitaji asidi ya kuunguza mikono. Ila usizamishe aluminiamu humo, itatafunwa. Na pipa liweke mbali na nyumba, maana harufu yake inafika kwa jirani kabla yako.

Huna subira ya wiki 2? Ingia jikoni ukachukue magadi, yale yale ya kulainisha maharagwe. Yakoroge kwenye maji ndani ya beseni kubwa la plastiki, ning'iniza kipande chenye kutu kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri, na chuma kikuukuu kwenye waya wa chanya. Kwa saa chache tu, mapovu yanapanda na kutu inalegea! Fanyia kazi hiyo nje, kwa kuwa gesi inayotoka ni haidrojeni na inashika moto. Chuma cha pua usikitie kabisa upande wa chanya, kwani hutoa sumu. Na hayo magadi? Yamekuwa yakichimbwa Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100, na ziwa halijaisha.

Je, wajua kilichomo ndani ya vilima vya Sukulu, hapo hapo pembeni mwa Tororo? Mawe ya fosfeti, tani zinazokadiriwa kuwa milioni 230! Mawe ya aina hiyo ndiyo hutengenezewa asidi ya fosforasi, na asidi hiyo ukiipaka juu ya kutu nyekundu huigeuza kuwa ngozi ngumu ya kijivu inayoshika rangi barabara. Asidi hiyo hiyo imo ndani ya Coca-Cola, ndiyo maana msumari wenye kutu ukilala humo huamka msafi. Kule India kuna nguzo ya chuma ya Delhi, urefu wake mita 7 hivi, uzito zaidi ya tani 6. Imesimama miaka ipatayo 1,600 juani na mvuani bila kuliwa, na wataalamu wanasema siri yake kubwa ni fosforasi nyingi iliyomo ndani ya chuma chake. Fikiria, watu wa Tororo wanalala karibu na mlima wa dawa!

Chai ya rangi kali nayo ni fundi. Tanini iliyomo hukutana na kutu na kuigeuza nyeusi yenye ubuluu, na weusi huo huzuia kutu kuendelea. Dawa nyingi za dukani za kugeuza kutu zina tanini, na Eldoret palikuwa na kiwanda kizima cha kuikamua kutoka magome ya miwati.

Usidhani ufundi wa chuma ulikuja Busia na magari. Wasamia walikuwa wakichimba mawe ya chuma katika vilima vyao, wakayayeyusha na kufua majembe yaliyouzwa mbali kuzunguka Ziwa Victoria, kabla gari la kwanza halijaonekana huku. Na kule Tiira, upande wa Uganda, wanachimba dhahabu, madini yasiyojua kutu ni nini.

Na kutu ikishatoboa bodi, bati la kuziba tundu utalipata wapi? Pipa la lita 200! Bati lake lina unene wa kama milimita 1, karibu sawa na bodi za magari ya kale, wakati magari ya siku hizi mengi yana milimita 0.7 au 0.8 tu. Lakini pipa lioshwe kabisa kabla ya moto, tafadhali, kwani mvuke wa mafuta uliobaki humo hulipuka.

Je, wajua kwamba kilo 1 ya kabaidi ikikutana na maji hutoa gesi ya kuchomelea ipatayo lita 300? Mwali wake na oksijeni unapita nyuzi 3,000, na chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Kwa hiyo fundi mjuzi huchomelea nukta moja, akaruka mbali, akachomelea nyingine, akarudi. Akikazania mahali pamoja, mlango mzima unapinda.

Land Rover za kwanza, 1948, zilivishwa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Bodi haiozi, chesisi ya chuma chini yake inaoza! Volkswagen Beetle nayo, gari lililotengenezwa zaidi ya milioni 21, huficha betri chini ya kiti cha nyuma. Inua kiti, tazama kama asidi imeshakula sakafu.

Hii itakushangaza. Ile rangi nyekundu ya redioksaidi inayopakwa kuzuia kutu imetiwa wekundu wake na oksidi ya chuma, yaani ndugu wa damu wa kutu yenyewe! Na tabaka zote za rangi za gari jipya, tangu praima hadi mng'aro, zina unene wa kama milimita 0.1.

Wataka kununua gari la zamani? Beba sumaku ya spika ya redio mbovu, ifunge kitambaa, ipitishe mwilini mwa gari. Inaposhindwa kunata pamejaa filla, na chini ya filla nene mara nyingi pana tundu.

Mpaka wetu wa Busia, Kenya upande mmoja na Uganda upande wa pili, nao una maajabu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 kikomo ni miaka 15. Gari la miaka 12 kutoka Japani limezeeka mno kwa Busia moja, na bado ni kijana kwa Busia ya pili!

Unayemdharau kwa kununua gari lililochoka, mkumbuke Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mbio hizo na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena! Miaka yote miwili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki, na miaka yote miwili alikuwa ndani ya Peugeot 404. Ndugu zake gari hilo ndio wale wanaofugiwa kuku vijijini mwetu.

Tena, je, wajua kwamba milango ya gari huoza kwa kukosa tundu? Chini ya kila mlango kiwandani waliacha vitundu vya kutolea maji, na vumbi letu jekundu huviziba, maji yakabaki humo miezi. Inama, vitafute kwa kidole, vizibue kwa waya mwembamba. Vingine utavikuta vimepakwa rangi na fundi aliyepita.